Kwa Kiswahili, disleksia hujificha kwenye mwendo wa kusoma

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumzie jambo ambalo sisi tunaofundisha watoto kusoma na kuandika tunakutana nalo kila muhula, na ambalo likitajwa magazetini hutajwa kwa namna inayowafanya wazazi na walimu watazame pasipo. Jambo hilo ni disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika usiotokana na upungufu wa akili. Picha inayoambatana na habari zake karibu siku zote ni ileile: herufi zimepinduka, b imekuwa d, maneno yanaelea juu ya karatasi. Mzazi akiiona, anakwenda kukagua daftari la mwanawe, anakuta b ni b na d ni d, anashusha pumzi. Mwaka unapita, na mtoto yuleyule anaendelea kuitwa mvivu.

Kuchanganya b na d ni kawaida kwa mtoto yeyote anayeanza kuandika, na kwa wengi huisha kwenyewe anapofika miaka 7 hivi. Wapo wenye disleksia wanaogeuza herufi, wapo wasiogeuza hata moja. Kwa wengi wao shida yenyewe iko kwenye sauti. Ubongo unapata taabu kulikata neno lililosikika katika sauti zake ndogo ndogo, kisha kuzifunga sauti hizo na herufi kwa haraka, kiasi kwamba msomaji asilazimike kufikiri. Macho yanaona, masikio yanasikia, akili ya kuelewa mambo ipo kamili. Kinachokawia ni kiungo kati ya sauti na herufi.

Hata madaktari walianza kwa kulaumu macho. Rudolf Berlin, aliyelipa tatizo hili jina mwaka 1887, alikuwa daktari wa macho huko Ujerumani. Mwaka 1896 daktari wa Uingereza, William Pringle Morgan, alieleza habari za kijana wa miaka 14 aliyekuwa mzuri wa hesabu lakini kusoma kumemshinda. Mwalimu wa kijana huyo alisema kwamba kama masomo yote yangetolewa kwa mdomo, angekuwa mwerevu kuliko wote shuleni. Zaidi ya miaka 120 imepita, na bado tunawapima watoto kwa kalamu kisha tunatangaza matokeo kuwa ni kipimo cha akili.

Sasa tuje kwenye Kiswahili, maana hapa ndipo tunapopotezwa. Utafiti mwingi wa disleksia umefanywa kwa wasomaji wa Kiingereza, lugha ambayo irabu moja hutamkwa kwa njia nyingi na herufi nyingine huandikwa bila kutamkwa kabisa. Mtoto anayesoma kwa Kiingereza hukosea waziwazi, kila mtu akasikia, na orodha za dalili zinazosambazwa zimetokana na makosa hayo. Kiswahili kina irabu 5 zisizobadilika, silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, na kilichoandikwa ndicho kinachotamkwa. Mtoto mwenye disleksia akikazana, silabi hatimaye atazijua. Atausoma ukurasa mzima kwa makosa mawili matatu. Ila atausoma kwa muda ambao mwenzake amemaliza kurasa tatu, na atafika mwisho amechoka hoi. Sisi tunaomsikiliza tunasema, "Kusoma anajua, ila mzito," na kumpima kwetu kunaishia hapo.

Si dhana tu. Mwaka 2001 timu iliyoongozwa na Eraldo Paulesu iliwalinganisha watu wazima wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Kiitaliano, kama Kiswahili, husomwa kilivyoandikwa, na Waitaliano hao walisoma kwa usahihi kuliko wenzao. Lakini picha za ubongo zilionyesha upungufu uleule, upande uleule wa kushoto, kwa makundi yote matatu. Tofauti ilikuwa kwenye namna lugha zao zinavyoandikwa.

Chukua neno moja tu: hawakutufundisha. Lina herufi 16 na silabi 7. Msomaji mzoefu halikati. Analiona lote na maana inaingia papo hapo. Anayesoma silabi kwa silabi huanza na ha, akaenda wa, ku, tu, fu, ndi, hadi sha, na kila silabi inadai nguvu na muda wake. Akifika mwisho, ile ha ya mwanzo iliyobeba ukanushi imeshatoka kichwani. Kitenzi cha Kiswahili hupenda kutanguliza mambo mazito mbele: nani, lini, ndiyo au siyo. Msomaji anayechoka njiani hubaki na mzizi tu. Muulize swali la ufahamu, atakujibu kwamba walifundishwa. Silabi zote amezitamka sawasawa, jibu amekosa, na kwenye ripoti tunaandika "hasomi kwa makini".

Kwa hiyo kipimo cha kwanza kiwe mwendo, makosa yafuate. Tafuta kifungu cha kiwango cha darasa lake ambacho mtoto hajawahi kukiona, mpe dakika 1, hesabu maneno aliyosoma sawasawa. Usichukue namba kutoka jedwali la Kiingereza, kwa sababu neno moja la Kiswahili linaweza kubeba kazi ya maneno manne ya Kiingereza. Wasomeshe kifungu hichohicho watoto 10 wa darasa hilo, wa kawaida, wasiwe vinara peke yao. Akisoma nusu ya wanachosoma wao au chini ya hapo, endelea kumchunguza. Hicho ndicho kiwango tunachotumia sisi. Si sheria, na mtoto aliye juu yake kidogo asiachwe.

Kifungu kiwe kigeni kwake kwelikweli. Watoto hawa ni mabingwa wa kukariri. Darasa likisoma kwa zamu, huhesabu wenzao waliobaki, wakajua aya yao itakuwa ipi, wakairudia kimyakimya midomo ikichezacheza hadi zamu ifike. Mwalimu anasikia aya imesomwa vizuri. Mwulize huyo mtoto aya iliyotangulia ilisema nini, hana habari nayo.

Ndiyo maana kipimo cha pili kinatumia maneno yasiyo na maana. Andika 20 ya namna hii: lemo, pasitu, mbisola, kwatipe, nyosafu. Neno halisi linaweza kukisiwa kwa picha au kwa herufi zake za mwanzo, lakini mbisola haikisiki. Ama sauti zinajulikana ama hazijulikani. Mtoto aliyesoma hadithi bila taabu halafu akakwama kwenye maneno haya, hadithi ile alikuwa ameikariri. Kipimo cha tatu hakina karatasi kabisa. Mwambie aseme "chama", kisha aseme tena bila sauti ya ch. Jibu ni "ama". Mwambie aseme "paka", aondoe p aweke t. Jibu ni "taka". Ukiona anarudia neno zima au anakisia neno jingine tu, hapo ndipo penye shida. Cha nne ni kutaja haraka: picha 5 rahisi zilizorudiwa mara 10 bila mpangilio, jumla 50, azitaje mfululizo bila kupumzika. Wengi wa watoto tunaowazungumzia hutaja zote sawa, lakini kwa kusitasita, kana kwamba kila picha wanakutana nayo mara ya kwanza.

Kabla ya kutamka neno disleksia, macho na masikio yapimwe, na rejista ya mahudhurio ifunguliwe. Mtoto aliyekosa shule nusu ya mwaka hajui kusoma kwa sababu hakufundishwa. Lugha ya nyumbani pia iangaliwe. Anayeandika "kusafili" au kuacha h kwa sababu lugha yake ya kwanza haitofautishi sauti hizo, hilo ni jambo la matamshi, halina uhusiano na disleksia. Alama za kutia shaka ni nyingine: silabi zinazobadilishana nafasi, kama "anakupoja" badala ya "anapokuja", viambishi vinavyodondoka, "walipotuona" ikawa "walituona", na neno moja kuandikwa kwa namna tatu katika ukurasa mmoja. Mwongozo wa uchunguzi wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 2013, unadai dalili ziwe zimedumu angalau miezi 6 licha ya msaada uliolenga shida yenyewe. Maana yake kwa mwalimu ni nyepesi: msaada ndio unaotangulia. Hakuna haja ya kungoja cheti cha mtaalamu ndipo uanze kufundisha.

Na si watoto wachache. Makadirio yanayokubalika na wengi ni kati ya asilimia 5 na 10 ya watu, yaani darasa la watoto 40 huwa na 2 hadi 4. Hutembea ndani ya ukoo: mzazi mmoja akiwa nayo, uwezekano wa mtoto kuwa nayo hukaribia nusu. Mzazi anayesema "hata mimi nilikuwa hivyohivyo shuleni" huwa anajitetea, kumbe ametoa taarifa muhimu kuliko zote. Wavulana hupelekwa kupimwa zaidi kwa sababu wakishindwa hufanya fujo. Msichana anayeshindwa kimyakimya hupandishwa darasa.

Kuhusu ufundishaji, kosa la kwanza hufanyika siku ya kwanza: tunazitaja herufi kwa majina. Tukisema "be" na "a", mtoto mtiifu ataunganisha apate "bea", nasi tunamwambia asome "ba". Wengi huruka pengo hilo wenyewe; mwenye disleksia haruki. Fundisha sauti. Anza na zile zinazovutika, m, s, l na n, kwa sababu mtoto anaweza kuishika mmm mpaka aifikishe kwenye a bila kukata pumzi. Sauti kama p, t na k hukatika papo hapo, kwa hiyo zije baadaye.

Kisha chora visanduku 4 kwenye mstari mmoja, mpe mtoto vifuniko 4 vya chupa. Tamka "simu". Asukume kifuniko kimoja kwa kila sauti: s, i, m, u. Herufi usimwonyeshe bado. Akiweza bila kusita kwa maneno kumi hivi, ondoa vifuniko, weka vipande vya karatasi vyenye herufi. Mbinu hii ya visanduku ilitokana na kazi ya mwanasaikolojia wa Kisovieti Daniil Elkonin, na uzuri wake ni kwamba haigharimu chochote. Inaharibika pale mwalimu anapokimbilia herufi kabla sauti hazijakaa, au anapoanza kugawa silabi, si na mu, akadhani amegawa sauti. Silabi mtoto tayari anazijua. Ndani ya silabi ndiko anakokwama.

Mb, nd, ng, nj na nz zipewe siku zake, kila moja kama sauti moja yenye herufi mbili, la sivyo "mbuzi" huandikwa "buzi" na "ndugu" huwa "dugu". Halafu ije m inayosimama peke yake. "Mtoto" hukatwa m-to-to, ila "mbuzi" hukatwa mbu-zi. Wengine hulihisi hilo kwa sikio bila kuambiwa. Hawa sharti walisikie kwa makofi, matatu kwa mtoto, mawili kwa mbuzi, mara nyingi kuliko mwalimu anavyopenda. Ng ya "ngoma" na ng' ya "ng'ombe" zisifundishwe wiki moja. Vitu vinavyofanana vikiletwa pamoja huchanganyika, na kuvitenganisha baadaye ni kazi maradufu.

Silabi zikishashika, vitenzi virefu vikatwe kwa viambishi. Tengeneza kadi moja ya "tufundisha" na nyingine za "wali", "wata", "wame", "hawaku" na "hawata", uzibadilishe mbele yake mtoto akieleza maana inavyogeuka kila mara. Baada ya majuma machache ataanza kuiona "hawaku" kama kipande kimoja, na lile neno la silabi 7 litakuwa na vipande 3 vya kushika: hawaku, tu, fundisha. Kwa maoni yetu, hili ndilo zoezi linaloleta faida kubwa kuliko yote kwa msomaji wa Kiswahili aliyevuka madarasa ya chini, na ndilo linalofanywa kwa nadra, kwa kuwa viambishi tumeviacha vikae kwenye somo la sarufi tu.

Mwendo nao hufanyiwa mazoezi. Kifungu cha maneno 50 hadi 100 kisomwe mara 3 au 4 siku ileile, muda ukiandikwa kila mara ili mtoto ajishindanishe na nafsi yake, asishindanishwe na jirani. Kwa ujumla kipindi kiwe dakika 30, siku 4 au 5 kwa wiki, watoto wasizidi 4. Saa 2 za Jumamosi haziwezi kuchukua nafasi ya hizo, kwa sababu kilichofundishwa Jumamosi huwa kimeyeyuka kufikia Jumatano. Kumrudisha darasa mtoto ili afundishwe upya kwa njia ileile iliyomshinda ni kumpotezea mwaka tu. Na fimbo, tuseme wazi, haijawahi kufundisha sauti ya herufi yoyote. Inachofundisha ni tumbo kuuma asubuhi ya siku ya kusoma kwa sauti.

Wazazi wanaohangaika hutumia fedha nyingi mahali pasipostahili. Miwani ya rangi, mazoezi ya macho, vidonge vya mafuta ya samaki na mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja vyote vina wauzaji hodari. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, pamoja na wenzao wa macho, walitoa tamko mwaka 2009 kwamba miwani ya rangi na mazoezi ya macho hayana ushahidi wa kutibu disleksia. Fonti maalumu zinazotangazwa kwa ajili ya wenye disleksia nazo hazijaonyesha faida ya maana zilipojaribiwa. Kilichoonekana kusaidia, katika utafiti wa Marco Zorzi na wenzake wa mwaka 2012 kwa watoto wa Italia na Ufaransa, ni kitu rahisi kuliko hivyo vyote: kuongeza nafasi kati ya herufi.

Tuna neno pia kwa wanaofariji kwamba kila mwenye disleksia amejaliwa kipaji cha pekee. Nia ni njema. Lakini mtoto anayeshindwa kusoma na ambaye pia si mchoraji wala mvumbuzi hujiona ameshindwa mara mbili. Wenye disleksia ni watu kama wengine, wenye vipaji na wasio navyo, na haki ya kufundishwa vizuri haihitaji kuthibitishwa kwa kipaji.

Mitihani ni suala lake. Nyongeza ya asilimia 25 ya muda, inayotolewa katika mifumo mingi ya mitihani, si upendeleo kwa mtu ambaye shida yake ni mwendo. Katika mtihani wa sayansi au historia, msaidizi anaweza kumsomea mtoto maswali, na makosa ya tahajia yasikatwe alama. Mtihani unaopima kusoma kwenyewe ni tofauti. Hapo msaidizi wa kusoma hawezi kuruhusiwa, lakini muda unaweza. Darasani, mtoto apewe maandishi yaliyochapwa badala ya kunakili ubaoni, kwa maana akinakili kila anapoinua kichwa hupoteza mstari na dakika zote huishia humo. Asiitwe kusoma kwa sauti mbele ya wenzake bila kuarifiwa siku moja kabla.

Watu wazima wasisahauliwe, kwani disleksia haiishi mtu anapomaliza shule. Mfanyakazi anayechelewesha fomu, anayesema kila mara ameacha miwani nyumbani, anayempa mwenzake aandike kumbukumbu za kikao, huenda anaficha jambo hili kwa mwaka wa 20. Msimamizi akitoa maelekezo kwa ujumbe wa sauti, akitumia simu inayosoma maandishi, na akituma ajenda siku mbili kabla ya kikao, nusu ya taabu itakuwa imeondoka bila mtu kulazimika kujitangaza.

Vitabu vya kusikiliza vingesaidia zaidi, na sheria iko tayari. Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2016, unaruhusu taasisi zinazohudumia walengwa kutengeneza na kugawa nakala za vitabu wanazoweza kuzitumia bila kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki. Wengi wanaujua kama mkataba wa wasioona, lakini walengwa wake ni pamoja na wenye ulemavu wa kusoma, na disleksia imo humo. Maktaba katika nchi zilizouridhia zina mlango wazi wa kurekodi vitabu vya Kiswahili.

Mwisho ni ombi kwako, Mhariri. Safu za gazeti ni nyembamba, herufi ni ndogo, na mistari hunyooshwa kulia na kushoto hadi maneno yakaachana kwa nafasi zisizo sawa, huku maneno marefu yakikatwa katikati na kiambishi kubaki mstari wa juu. Kwa habari za karatasini tunaelewa ugumu wa nafasi. Lakini kwenye tovuti mnaweza kuacha ukingo wa kulia bila kunyooshwa, mkaweka herufi za ukubwa wa 14 na mistari yenye nafasi ya moja na nusu, na mkaongeza kitufe cha kusikiliza habari. Mkipenda kujaribu kwanza, anzeni na ukurasa wa watoto, kisha waulizeni wasomaji wake.

Wenu,
Walimu wa kusoma na kuandika, madarasa ya awali